Kamusi za zamani za Kiingereza zilielezaje maneno, na kwa nini jambo hilo linatuhusu

Mabishano juu ya maana ya neno huweza kuchukua saa nzima, mpaka mmoja aseme: "Haya, tuangalie kamusi." Kitabu kikishafunguliwa, wote hunyamaza. Kilichoandikwa humo huchukuliwa kuwa kauli ya mwisho, kana kwamba hakuna mkono wa mtu uliokiandika.

Lakini kamusi huandikwa na watu. Watu hao waliishi mahali fulani, katika zama fulani, wakiwa na elimu yao, imani yao na hata chuki zao. Hilo huonekana wazi zaidi katika kamusi za zamani. Katika makala haya tunaangalia kamusi za Kiingereza kuanzia mwaka 1604 hadi mwaka 1928, na tunauliza maswali mawili. Kwanza, zilielezaje maana ya neno, yaani fasili? Pili, zilitoa mifano gani kuonyesha jinsi neno linavyotumika?

Huenda ukauliza, msomaji wetu, mambo hayo ya kale yanatuhusu nini. Utaona mbele kwamba mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifungua kamusi ya karne ya 18 ilipokuwa ikiamua nani ana haki ya kumiliki bunduki. Maneno machache ya mtu aliyekufa zamani yalikuwa sehemu ya hoja zilizogusa maisha ya mamilioni ya watu. Twende taratibu.

Mwanzo: maneno magumu tu

Kitabu kinachohesabiwa kuwa kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza kilichapishwa London mwaka 1604. Mtunzi wake, Robert Cawdrey, alikuwa mwalimu wa shule na aliwahi kuwa mchungaji kabla ya kuondolewa katika kazi hiyo. Kitabu chake kiliitwa A Table Alphabeticall, na kilikuwa na maneno yapatayo 2,500 tu. Nakala moja pekee ya toleo la kwanza ndiyo inayojulikana kubaki hadi leo, nayo imehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian mjini Oxford.

Cawdrey hakujisumbua na maneno ya kila siku kama vile mbwa, mkate au mvua. Alikusanya maneno magumu, hasa yale yaliyoingia katika Kiingereza kutoka Kilatini, Kigiriki na Kifaransa. Ukurasa wa mbele wa kitabu ulisema kimekusudiwa wanawake na watu wengine ambao hawakupata elimu ya juu, ili waweze kuelewa maneno wanayokutana nayo katika Maandiko, mahubiri na vitabu. Wakati huo utaratibu wa kupanga maneno kwa alfabeti haukuwa umezoeleka, kwa hiyo aliwaeleza wasomaji kwamba neno linaloanza na herufi A watalikuta mwanzoni mwa kitabu.

Fasili zake zilikuwa fupi sana. Mara nyingi aliweka neno gumu upande mmoja, na upande wa pili neno moja au mawili mepesi. Mifano ya matumizi haikuwapo. Msomaji aliambiwa neno lina maana gani, halafu akaachwa atafute mwenyewe mahali pa kulitumia.

Mwaka 1623 Henry Cockeram alitoa kamusi nyingine, na sehemu moja ya kitabu chake ilifanya kazi kinyume. Mtu alianza na neno la kawaida akapewa neno la kifahari la kuweka badala yake. Hapo tunaona kwamba tangu mwanzo kamusi ilikuwa na kazi mbili. Ilimsaidia mtu kuelewa, na pia ilimsaidia aonekane msomi mbele ya wenzake.

Mnyama anayejulikana

Karibu miaka mia moja baada ya Cawdrey, watunga kamusi walianza kuingiza maneno ya kawaida. John Kersey alifanya hivyo katika kamusi ya mwaka 1702 iliyokuwa na maneno yapatayo 28,000. Mwaka 1721 Nathan Bailey, mwalimu wa shule, alitoa kamusi yenye maneno yapatayo 40,000 ambayo ilipendwa sana na ikachapishwa tena na tena katika karne yote ya 18.

Hapo ndipo lilipojitokeza tatizo ambalo Cawdrey hakukutana nalo. Neno gumu unaweza kulieleza kwa neno jepesi. Je, neno jepesi utalieleza kwa lipi?

Bailey mara nyingi alikwepa. Farasi, kwa mujibu wake, ni mnyama anayejulikana vizuri. Stroberi ni tunda linalojulikana vizuri. Kuosha alikueleza kuwa ni kusafisha kwa kuosha, na hapo msomaji anarudishwa alikotoka.

Lakini usiwahi kumcheka. Jaribu wewe mwenyewe sasa hivi kueleza neno "kikombe" bila kuonyesha kikombe. Ukisema ni chombo cha kunywea, glasi nayo inaingia. Ukiongeza kwamba kina mkono, kuna vikombe visivyo na mkono. Ukisema ni cha udongo, vya bati na plastiki utavipeleka wapi? Neno unalolitumia kila asubuhi linaweza kukutoa jasho.

Swali kubwa zaidi katika fasili za Bailey ni hili: anayejulikana na nani? Aliposema stroberi inajulikana, alikuwa akimfikiria msomaji wa England aliyezoea kuiona sokoni. Msomaji asiyewahi kuliona tunda hilo hapati chochote katika fasili hiyo. Ni sawa na kamusi ya kwetu kusema ugali ni chakula kinachojulikana na ikaishia hapo. Mtu wa Dodoma au Kisumu ataridhika, lakini mgeni aliyeshuka jana kwenye ndege atabaki na njaa yake ya kujua. Kila fasili ina msomaji ambaye mtunzi alimwona akilini mwake, na walio nje ya picha hiyo huachwa.

Samuel Johnson na chumba cha juu

Mwaka 1746 wauza vitabu wa London waliingia mkataba na Samuel Johnson ili atunge kamusi kubwa ya Kiingereza. Malipo yalikuwa pauni 1,575, na kutokana na fedha hizo alitakiwa pia kuwalipa wasaidizi wake. Alifanya kazi hiyo katika nyumba namba 17 ya Gough Square, London, ambayo hadi leo imesimama na ni jumba la makumbusho. Wasaidizi walikuwa sita, na watano kati yao walitoka Scotland. Alidhani angemaliza katika miaka mitatu. Kamusi ilitoka tarehe 15 Aprili 1755, katika juzuu mbili kubwa na nzito, ikiwa na maneno zaidi ya 42,000.

Johnson alifuata njia tofauti na wenzake waliomtangulia. Alisoma vitabu vya waandishi wa Kiingereza akiwa na kalamu ya risasi mkononi. Alipokuta sentensi inayoonyesha vizuri matumizi ya neno, aliitia alama. Wasaidizi wake walinakili sentensi hiyo kwenye kipande cha karatasi, na vipande vikapangwa kwa alfabeti. Mwishowe kamusi yake ilikuwa na nukuu zipatazo 114,000, kutoka kwa waandishi kama Shakespeare, Milton na Dryden, pamoja na Biblia.

Njia hii ilibadilisha fasili zenyewe. Mtu anayekaa na kufikiri tu juu ya neno hupata maana moja au mbili. Anayekusanya sentensi mia moja zenye neno hilo hulazimika kukiri kwamba maana ni nyingi. Neno dogo "take", ambalo sisi tungeweza kulitafsiri kwa chukua, twaa, shika au pokea kulingana na mahali lilipo, Johnson alilipa maana 134 na kuzipanga kwa namba.

Hata hivyo hakuwa amepona ugonjwa wa maneno mepesi. Neno "network", ambalo wakati huo lilihusu kitu kilichosukwa mfano wa wavu, alilieleza kwa maneno mazito yenye asili ya Kilatini hata msomaji akahitaji kamusi ya pili ili aielewe ya kwanza. Katika utangulizi wake Johnson mwenyewe alieleza kwamba kufasili kunahitaji maneno mepesi kuliko lile linalofasiliwa, na kwamba maneno mepesi kama hayo hayapatikani kila mara.

Fasili zenye ulimi mkali

Watu wengi wanaomfahamu Johnson wanamkumbuka kwa fasili chache za kuchekesha. Ya "oats", nafaka ya nchi za baridi ambayo leo hutengenezwa uji, ndiyo maarufu zaidi. Alisema ni nafaka ambayo England hupewa farasi, lakini Scotland huwalisha watu. Kumbuka wasaidizi wake watano walitoka huko huko Scotland, na huenda mmoja wao ndiye aliyeshika karatasi hiyo.

Ushuru wa bidhaa aliueleza kuwa ni kodi ya kuchukiza. Wakuu wa idara ya ushuru walikasirika na kumwendea mwanasheria mkuu wa serikali, William Murray. Yeye aliona kwamba maneno hayo ni kashfa, lakini akashauri Johnson apewe nafasi ya kuyabadilisha. Johnson hakuyabadilisha, na kesi haikufunguliwa.

Kuhusu mfadhili, aliandika kwamba kwa kawaida ni mtu duni anayetoa msaada kwa kiburi na kulipwa kwa sifa za uongo. Hapo kulikuwa na donda la kweli. Mwaka 1747 aliutoa mpango wa kamusi yake kwa heshima ya Lord Chesterfield, lakini bwana huyo hakumjali kwa miaka mingi. Kazi ilipokaribia kwisha, Chesterfield akajitokeza gazetini kuisifu. Johnson alimjibu kwa barua kali mwezi Februari 1755.

Posho ya serikali nayo alisema kwamba katika England hufahamika kuwa malipo ya kumfanya mtu aisaliti nchi yake. Mwaka 1762 yeye mwenyewe alikubali posho ya pauni 300 kwa mwaka kutoka kwa Mfalme George wa Tatu. Maadui zake hawakumwacha alale.

Pia yako makosa ya kutojua. Mama mmoja alimuuliza kwa nini ameeleza sehemu fulani ya chini ya mguu wa farasi kuwa ni goti. Johnson alijibu kwamba ni ujinga tu, mama, ujinga mtupu. Na kuhusu tarantula, buibui mkubwa, aliandika kwamba sumu yake huponywa na muziki peke yake. Hiyo ilikuwa imani ya watu wengi Ulaya wakati huo, nayo ikaingia katika kamusi kama ukweli.

Tuwe waadilifu hapa. Fasili za namna hiyo ni chache sana kati ya zaidi ya 42,000. Nyingi ni makini na safi, na watunga kamusi waliofuata walizichukua wakazitumia. Lakini hizo chache zinatufaa kwa sababu zinaonyesha waziwazi jambo ambalo katika nyingine limejificha, nalo ni mtu anayesema nyuma ya fasili.

Nani aliitwa kutoa ushahidi?

Tukiichukulia nukuu kama shahidi, basi mtunga kamusi ndiye anayeamua nani aitwe kizimbani. Johnson aliwaita waandishi wa vitabu, tena hasa wa kuanzia zama za Sir Philip Sidney, mwishoni mwa karne ya 16. Alikusudia kutowanukuu waandishi waliokuwa bado hai, ingawa aliweka wachache, akiwemo rafiki yake Charlotte Lennox, mwandishi wa riwaya. Mwanafalsafa Thomas Hobbes alimwepuka kwa sababu hakupenda mafundisho yake. Johnson alitaka nukuu ionyeshe neno na papo hapo imfundishe msomaji adabu, dini au elimu. Wakati mwingine alizifupisha mpaka zikapoteza sura waliyozipa wenyewe.

Sasa angalia nani hakuitwa. Lugha ya vibarua na wafanyabiashara Johnson aliiona kuwa ya kupita, isiyostahili kuhifadhiwa. Katika nyumba yake ya Gough Square walisikika wasaidizi wa Scotland wakizungumza kwa lafudhi yao. Kuanzia mwaka 1752 aliishi humo pia Francis Barber, kijana mweusi aliyezaliwa utumwani Jamaica, ambaye baadaye Johnson alimfanya mrithi wake. Kiingereza cha watu hao kilijaa ndani ya nyumba kila siku. Ushahidi wa kamusi, hata hivyo, ulitoka kwenye rafu za vitabu.

Picha nazo zikaingia

Mfano wa neno unaweza pia kuwa mchoro. Tangu mwaka 1656 mwanasheria Thomas Blount aliweka katika kamusi yake michoro midogo ya nembo za koo za kifahari, kwa kuwa nembo ni kazi ngumu kuzieleza kwa maneno. Bailey naye aliweka michoro katika kamusi zake za baadaye. Johnson hakuweka hata mmoja.

Picha zilishamiri katika karne ya 19. Mchoro uliochongwa juu ya kipande cha mbao ungeweza kupangwa pamoja na herufi za risasi na kuchapwa kwa mara moja, kwa hiyo ulikaa papo hapo pembeni ya neno lake. Kamusi ya John Ogilvie iliyoitwa Imperial Dictionary, iliyochapishwa Glasgow na kukamilika mwaka 1850, ilikuwa na michoro zaidi ya 2,000. Marekani, kampuni ya Merriam iliharakisha toleo lenye picha mwaka 1859 ili kumtangulia mshindani wake, Joseph Worcester, ambaye kamusi yake yenye picha ilikuwa njiani na ikatoka mwaka 1860.

Picha ilimwokoa mtunzi na lile tatizo la Bailey, maana badala ya kusema mnyama anajulikana aliweza kumwonyesha. Lakini hakuna mchoro wa huruma wala wa haki. Na hata mbwa anayechorwa ni mbwa mmoja, wa aina moja, na msomaji asiye mwangalifu atadhani mbwa wote wako hivyo.

Webster na sauti ya taifa jipya

Mwaka 1828 Noah Webster wa Marekani, akiwa karibu na umri wa miaka 70, alitoa kamusi yenye maneno yapatayo 70,000. Nia yake ilikuwa kuwapa Wamarekani kamusi yao wenyewe. Mpaka leo Mmarekani huandika "color" pale Mwingereza anapoandika "colour", na Webster ana sehemu kubwa katika hilo.

Katika utangulizi wake aliwataja kwa fahari waandishi wa nchi yake, kama Washington na Franklin, kuwa wanastahili kusimama pamoja na wale wa England. Lakini alitumia nukuu chache kuliko Johnson, na mara nyingi alitunga sentensi fupi yeye mwenyewe au kuchukua ya Biblia. Alikuwa Mkristo mwenye msimamo, na hilo linasomeka katika fasili nyingi. Alipoeleza elimu, kwa mfano, alisisitiza kwamba kuwapa watoto malezi ya dini ni jambo la lazima.

Sentensi iliyotungwa na mtunga kamusi ni nyepesi kueleweka. Upungufu wake ni kwamba hapo mtunzi anajiita shahidi wa maneno yake mwenyewe.

Oxford: mamilioni ya vipande vya karatasi

Mwaka 1857 wanachama wa chama cha wanaisimu cha London waliona kwamba kamusi zilizokuwapo hazitoshi. Wazo lao lilizaa kamusi ambayo leo tunaiita ya Oxford. James Murray, mwalimu kutoka Scotland, aliikabidhiwa mwaka 1879. Aliutangazia umma katika nchi zinazosema Kiingereza kwamba anahitaji wasomaji wa kujitolea. Kila mmoja asome kitabu, akute neno, anakili sentensi pamoja na jina la kitabu na mwaka, kisha atume.

Vipande vya karatasi vilimiminika kwa mamilioni. Mmoja wa waliotuma vingi alikuwa William Chester Minor, daktari wa jeshi la Marekani aliyekuwa akizuiliwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Broadmoor baada ya kumuua mtu London. Sehemu ya kwanza ya kamusi ilitoka mwaka 1884. Murray alifariki mwaka 1915 kazi haijaisha. Ilikamilika mwaka 1928 ikiwa na maneno zaidi ya 400,000 na nukuu zaidi ya 1,800,000.

Hapa maana za neno zilipangwa kuanzia ya zamani hadi ya karibuni, na kila nukuu ilikuwa na mwaka wake. Msomaji angeweza kuona neno likizaliwa, likibadilika, na wakati mwingine likifa. Fasili ilikuwa muhtasari tu wa ushahidi uliowekwa chini yake.

Hata hivyo karatasi hupotea. Neno "bondmaid", yaani mwanamke mtumwa, ambalo limo katika Biblia ya Kiingereza, halikuonekana katika kamusi. Vipande vyake viliwekwa mahali pasipo pake na vikagunduliwa baada ya sehemu ya herufi B kuchapishwa. Neno hilo liliingizwa katika nyongeza ya mwaka 1933. Kwa miaka yote hiyo mtu angeweza kupekua kamusi kubwa kuliko zote za Kiingereza na kudhani kwamba neno hilo halipo.

Kamusi mahakamani

Sasa turudi kwenye ile kesi ya Marekani. Marekebisho ya Pili ya Katiba ya nchi hiyo, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanazungumzia haki ya wananchi kuwa na silaha na kuzibeba. Je, haki hiyo ni ya kila mtu nyumbani kwake, au inahusu utumishi katika jeshi la wananchi? Swali hilo lilifika Mahakama ya Juu katika kesi ya Heller, iliyohusu marufuku ya bastola katika mji mkuu, Washington. Mwezi Juni 2008 majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi.

Jaji Antonin Scalia, aliyeandika hukumu, alitafuta neno la silaha katika toleo la mwaka 1773 la kamusi ya Johnson, pamoja na kamusi ya Webster ya mwaka 1828. Kwa neno "bear" pia alitegemea kamusi za zama hizo zinazosema maana yake ni kubeba. Jaji John Paul Stevens, aliyeongoza upande uliopinga, alifungua kamusi ya Oxford. Yeye alisema "bear arms" ni msemo mmoja, na kwamba ukisimama peke yake maana yake ni kutumikia jeshini.

Kwa mtu wa Kiswahili tofauti hiyo si ngeni. Chukua kitenzi "piga". Mgeni akitafuta "piga" peke yake, kisha "simu" peke yake, atadhani kwamba anayepiga simu ameishambulia kwa ngumi. Tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga magoti, tunapiga chafya, na hakuna aliyejeruhiwa. Maana imo katika maneno yakiwa pamoja, na kinachoionyesha ni mfano wa matumizi kuliko fasili ya neno mojamoja.

Baada ya hukumu, wanaisimu walipekua kwa kompyuta maandishi mengi ya karne ya 18, na wakakuta kwamba "bear arms" lilitumika zaidi katika habari za kijeshi. Huo haumalizi ubishi wa kisheria, kwa sababu majaji walitazama pia historia na sheria nyingine. Lakini unaonyesha uzito wa swali tulilouliza: mtu akinyoosha kidole kwenye kamusi ya zamani, ananyooshea fasili ya mtunzi, au matumizi ya watu?

Na kamusi za Kiswahili?

Neno letu "kamusi" lenyewe lina safari yake. Limetoka kwenye Kiarabu, na kwa asili maana yake ni bahari kuu. Firuzabadi, mwanachuoni aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 15, aliliweka katika jina la kitabu chake kikubwa cha maneno, na kitabu kikawa maarufu hata kila kitabu cha aina hiyo kikaitwa hivyo.

Kamusi za mwanzo za Kiswahili zilizochapishwa Ulaya ziliwalenga wageni. Ya Ludwig Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844, ilitoka London mwaka 1882 baada ya kifo chake. Inaeleza Kiswahili kwa Kiingereza, na imejaa maelezo marefu ya desturi za pwani kama alivyoziona yeye mwenyewe. Ni hazina, na ni macho ya mgeni pia. Mwaka 1935 ilitoka kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili ya Frederick Johnson, ambaye kwa jina tu anafanana na yule wa Gough Square. Mwaka 1981 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Maswali tuliyowauliza Bailey na Johnson yanafaa kuulizwa hata kwa hizi.

Ukifungua kamusi ya zamani

Kwa hiyo, msomaji wetu, siku utakapokutana na kamusi ya zamani, iwe ya Kiingereza au ya Kiswahili, fanya mambo haya.

Tazama mwaka wa kuchapishwa na toleo. Johnson wa mwaka 1755 na yule wa 1773 hawafanani kila mahali, kwa sababu aliipitia upya kazi yake.

Soma utangulizi. Hapo ndipo mtunzi anaposema amemwandikia nani, na maneno gani ameyaacha kwa makusudi.

Tenganisha fasili na mfano. Fasili ni maneno ya mtunzi. Mfano, ukiwa ni nukuu yenye jina na mwaka, ni maneno ya mtu mwingine aliyekuwa akiitumia lugha kwa shughuli zake. Vikipingana, uupe mfano nafasi ya kusikilizwa.

Uliza nani hakunukuliwa. Wavuvi, wakulima, wanawake, watumwa na watoto walizungumza pia, hata kama hakuna aliyewaandika.

Na neno usipolikuta, usikimbilie kusema si neno. Kumbuka vile vipande vya karatasi vya "bondmaid". Huenda bibi yako kijijini analitumia kila siku, na hajatokea mtu wa kwenda kumuuliza.